Miaka Tisa Bila Tuzo

Barua tatu kati ya zile zilizonifikia mwezi huu zinagusa jambo moja, ingawa waliozituma hawajuani: mtu afanye nini na bidii yake iwapo hapana anayeiona, au iwapo wanaoiona humpa mwingine zawadi. Barua ya kwanza ndiyo ndefu na ndiyo iliyonikosesha usingizi, kwa hiyo nimeipa nafasi kubwa. Wenye barua nyingine mbili watanisamehe.

SWALI

Mwalimu, pokea salamu zangu. Ninafanya kazi ya ukarani katika chama cha wenye matatu, na ofisi yetu iko karibu na stendi ya Muthurwa, Nairobi. Nilianza kutunga mashairi mwaka 2016, mama yangu alipokuwa bado anauza mboga, na tangu wakati huo sijapitisha mwezi bila kuandika. Nimejifunza vina na mizani peke yangu, kwa vitabu nilivyonunua barabarani na kwa kusoma mashairi magazetini.

Nimeingia mashindano ya utunzi mara sita. Sijawahi kufika hata katika orodha ya kumi bora. Mwaka huu kijana ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha tofauti ya ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mshororo, tukiwa tumekaa katika kibanda cha chai hapa mtaa wa Umoja, aliingia kwa mara ya kwanza akachukua nafasi ya pili. Nilimpongeza mbele ya watu. Nilipofika nyumbani nilishindwa kula, na tangu siku hiyo sijaandika mshororo hata mmoja.

Watu wananiambia kwamba jambo la maana ni bidii na kukua, wala si ushindi. Mimi naona maneno hayo husemwa na walioshinda au na wasiojaribu. Nimekuambatishia ubeti mmoja wa mwaka 2016, na mishororo miwili ya shairi la mwaka huu, ambalo nililiandika kwa mada ya uzalendo iliyotangazwa na waandaaji. Niambie ukweli, Mwalimu: je, niache?

Mtunzi wa Umoja

JIBU

Ndugu yangu, salamu nimezipokea. Nianze na chakula ulichoshindwa kula. Usijilaumu kwa hilo. Mtu aliyetunga kwa miaka tisa, akamwona mwanafunzi wake akiitwa jukwaani, kisha akarudi nyumbani akamaliza ugali wake na kulala fofofo, ama ni mtakatifu ama hakuwa akilipenda shairi tangu awali. Ulimpongeza mbele ya watu, na huo ndio uliokuwa wajibu wako kwake usiku ule. Yaliyobaki ni kati yako na sahani yako.

Kuhusu maneno ya bidii na ushindi, kwa kiasi kikubwa nakubaliana nawe, na ndiyo maana sitayarudia kama ulivyoyasikia. Kutaka kutambuliwa si kosa. Shairi la Kiswahili tangu asili ni la kughaniwa au kuimbwa mbele ya watu, na mtunzi anayedai kwamba hajali kama ana msikilizaji hunitia shaka. Ninalotaka kukuambia ni jambo dogo kuliko hilo: kwamba tuzo ni kipimo kibovu cha kukua, na kwamba wewe umekitumia kipimo hicho kwa muda mrefu hadi sasa ndicho kinachoishika kalamu yako.

Niliwahi kuwa mmoja wa waamuzi wa shindano la mashairi, miaka ya nyuma, katika ukumbi mmoja hapa Nairobi. Tulikuwa watatu, tukapewa mashairi zaidi ya mia moja na siku mbili za kuyasoma. Asubuhi ya siku ya kwanza kila shairi nililisoma mara mbili kimya na mara moja kwa sauti. Kufikia saa kumi alasiri nilikuwa nikihesabu mizani kwa vidole na kutafuta sababu ya kuiweka karatasi kando, kwa kuwa kosa la mizani huonekana upesi na halina ubishi, ilhali ubeti unaomwingia msomaji taratibu huhitaji muda ambao hatukuwa nao. Hatukula njama wala hatukuhongwa, na shairi tulilolipa nafasi ya kwanza lilikuwa zuri. Hata hivyo, mshororo pekee wa siku zile ambao haujanitoka kichwani ulikuwa katika shairi tuliloliondoa mchana wa siku ya kwanza, kwa sababu ubeti wake wa tatu ulizidi kwa mizani moja. Mwenye shairi lile hakuarifiwa kwamba kuna mtu anayeubeba mshororo wake hadi leo. Aliarifiwa kwamba hakushinda, basi.

Sasa tuje kwenye beti zako. Huu ndio ule wa mwaka 2016:

Mama hutoka mapema, jua halijachomoza,
Marikiti husimama, sukuma akiiuza,
Mgongo unamuuma, bado hajanieleza,
Deni lake nikipima, nashindwa kulimaliza.

Na hii ndiyo mishororo ya shairi la mwaka huu:

Ewe taifa jalili, nuruyo yameremeta,
Mabonde na majabali, sifazo zimetakata.

Mizani ni nane kwa nane kote, na vina vimekaa mahali pake, cha kati na cha mwisho. Kwa macho ya mwamuzi aliyechoka, vipande hivi viwili havina tofauti. Lakini katika kile cha kwanza ninamwona mtu. Ninamwona amesimama gizani kule soko la Marikiti, na nikifika penye "bado hajanieleza" ninaelewa kwamba mwana ameyagundua maumivu ya mama yake bila kuambiwa, na kwamba wawili hao wanaishi nyumba moja wakifichana jambo ambalo wote wanalijua. Hukulieleza hilo kwa nguvu. Ulilipitisha katika utao wa mshororo wa tatu kana kwamba si kitu, na hiyo ndiyo kazi ya mtunzi. Kasoro ipo, nayo ni kipande cha mwisho, kwa maana deni la mama limewashinda kulimaliza watunzi wote waliokutangulia na msomaji alishajua kwamba na wewe litakushinda.

Katika shairi la pili simwoni mtu yeyote. Ninaona jalili, nuruyo, majabali na sifazo. Kufupisha "nuru yako" kuwa "nuruyo" ni ruhusa ya zamani ya washairi, nami sina ugomvi nayo. Ninachouliza ni kama ulikuwa na jambo la kusema lililoihitaji ruhusa hiyo. Nilipomaliza kusoma nilijaribu kukumbuka bonde ulilolitaja, nikakosa, ilhali kila aliyepanda gari kutoka hapa kwenda Naivasha anajua mahali ambapo ardhi huporomoka upande wa kushoto na abiria waliokuwa wakipiga gumzo hunyamaza kwa dakika moja. Huo ndio uzalendo, ukitaka, na wala huhitaji kutamka neno taifa.

Nadhani najua kilichotokea, ingawa nakisia tu. Kila uliposhindwa ulirudi nyumbani ukajiuliza waamuzi wanapenda nini, ukapunguza kidogo yale yaliyokuwa yako na kuongeza kidogo yale uliyodhani ni yao, na kwa kuwa hakuna aliyekuambia kwa nini hukushinda, kila mara ulikisia upya. Kwa hiyo nina jibu la swali ambalo hukuliuliza, nalo si tamu: miaka tisa ya bidii si lazima iwe miaka tisa ya kukua. Yako, kwa vipande hivi vichache nilivyoviona, inafanana na miaka michache ya kukua iliyofuatwa na miaka mingi ya kubisha mlango. Wanaokuambia kwamba bidii inatosha wanakudanganya kwa upole. Bidii ya kubisha mlango nayo ni bidii, lakini haimjengi mtu kitu isipokuwa vidole vigumu.

Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakuwa na shindano la kuingia. Alikuwa na watu wa kujibizana nao. Alitunga kuhusu ugomvi wa Mombasa na Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, kuhusu mapenzi, na kuhusu mambo ya kawaida ya mji wake, na dalili kwamba shairi limefika ilikuwa ni mtu kulikariri au kulijibu. Mengi ya mashairi hayo yalihifadhiwa vichwani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua wa Mombasa alipoyakusanya akisaidiana na mmishonari W. E. Taylor, na diwani yenyewe ikachapishwa mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi kuzikwa. Sikupi habari hizi ili ujifariji kwamba utakumbukwa ukifa. Hiyo ni faraja duni, na watunzi wengi wazuri hawakumbukwi. Ninakuonyesha aina ya msikilizaji. Mwamuzi hukupa alama, tena mara nyingi hata alama zenyewe huzioni. Mtu anayekujibu hukupa ubeti, na katika ubeti wake utaona ni neno gani lako lilimgusa, lipi alilielewa kombo, na lipi alilipita kana kwamba halikuandikwa.

Kuna pia Abdilatif Abdalla, ambaye alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi cha kuikosoa serikali, akawekwa gereza la Kamiti, hapa hapa kwetu, akitunga kwa siri na kuandika kwenye karatasi za chooni hadi alipoachiliwa mwaka 1972. Mashairi hayo yalitoka kitabuni mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo ya fasihi inayobeba jina la Jomo Kenyatta, yaani rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Watu hupenda kukicheka kinaya hicho, nami hukicheka pia. Lakini zingatia mfuatano wa mambo: wakati wa kutunga, tuzo haikuwamo chumbani. Aliyekuwamo ni mtu mwenye jambo la kusema na karatasi isiyofaa kuandikiwa. Hali yako si ya kulinganishwa na yake, Mungu apishe mbali, ila chumba cha kutungia ni kilekile, na wewe kwa miaka kadhaa umekuwa ukitungia katika chako huku waamuzi watatu wameketi kitandani.

Basi, je, uache? Acha mashindano kwa miaka miwili. Usiache kutunga. Nunua daftari, na kila juma uandike ubeti mmoja tu, si shairi zima, kuhusu jambo uliloliona kwa macho yako kutoka dirisha la ofisi yenu hadi stendi ya Muthurwa: kondakta anayehesabu noti zilizolowa, mvuta mkokoteni aliyelala juu ya mkokoteni wake saa saba mchana, wewe mwenyewe ukipiga muhuri risiti. Usitumie neno ambalo hungeweza kumwambia mama yako bila kulifafanua. Weka tarehe. Baada ya miezi mitatu, bila kuufungua ukurasa ule wa kwanza, andika upya ubeti uleule kwa kumbukumbu, kisha uulinganishe na wa awali. Hapo ndipo utakapojua kama umekua, na utajua kwa namna ambayo hakuna barua ya waandaaji inayoweza kukuambia. Huenda ukagundua kwamba neno ulilolitafuta kwa nusu saa mwezi wa kwanza sasa linakuja lenyewe, au kwamba mshororo uliokuridhisha wakati ule sasa unakuaibisha kidogo. Aibu hiyo ndogo ni habari njema. Mimi bado ninazo karatasi zangu za ujana ndani ya sanduku la bati, na siku nikitaka kukizuia kichwa changu kisivimbe huzitoa nikazisoma mbili tatu.

Ikiwa baada ya miaka miwili utapenda kuingia shindano tena, ingia, lakini upeleke shairi ambalo tayari lipo daftarini kwa sababu zake lenyewe. Usiwahi tena kuandika kwa mada iliyotolewa na mtu asiyekujua. Wazee husema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi siiamini methali hiyo hata kidogo kwa upande wa mashairi, maana vyema vingi vimelala madrooni, na kama lako ni zuri huna budi kulitembeza. Tofauti ni kwamba utakuwa unatembeza kitu kilichokwisha kuwa chako, kwa hiyo wakikirudisha kitarudi nyumbani kikiwa kizima.

Limebaki la yule kijana. Sitakuambia kwamba ushindi wake ni ushindi wako. Si wako, ni wake, na nyinyi wawili mnalijua hilo. Lakini ana kitu unachokihitaji kuliko cheti. Mpe ule ubeti wa Marikiti, umwambie aujibu kwa ubeti, vina vilevile, palepale kwenye kibanda cha chai. Na wewe ulijibu shairi lake lililoshika nafasi ya pili. Ukiweza kulijibu bila kulisifu kupita kiasi na bila kuliumbua, nijulishe. Jambo hilo ni gumu zaidi kuliko lolote uliloandika tangu mwaka 2016, na ningependa sana kuliona.

SWALI

Mwalimu, binti yangu ana miaka tisa na yuko Gredi ya Nne. Kila muhula unapofungwa, shuleni kwao watoto huitwa mbele wakapewa vyeti na nyota za kubandika, na yeye hajawahi kuitwa. Mwaka jana alikuwa akisoma kwa kukwama kila neno. Sasa anasoma hadithi nzima peke yake, ila wapo wanaosoma vizuri zaidi. Muhula uliopita alilia njia nzima hadi nyumbani. Kinachonitisha zaidi ni kwamba alikuwa akipenda kuchora, na sasa nikimpa karatasi huniuliza kama kuna zawadi. Dada yangu amenishauri nimlipe shilingi hamsini kwa kila alama nzuri ili naye apate cha kujivunia. Je, nifanye hivyo?

Mzazi wa Buruburu

JIBU

Dada yangu, usifanye hivyo. Kabla sijakueleza sababu, nikuambie kwamba mimi ni wa kizazi kilichosomewa nafasi gwarideni. Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu alisimama na orodha, akaanza na wa kwanza akashuka hadi wa mwisho, na sisi tuliokuwa tukingojea majina yetu tulijifunza kuhesabu kwa kurudi nyuma. Katika darasa letu alikuwapo mvulana aliyesomwa wa mwisho mihula mitatu mfululizo. Muhula wa nne alikuwa wa tano kutoka mwisho. Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa makofi yalikuwa ya watatu wa kwanza, na nadhani yeye peke yake katika uwanja ule ndiye aliyejua kwamba siku ile kulikuwa na mtu aliyefanya kazi kubwa.

Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilifuta utaratibu wa kuziorodhesha shule na watahiniwa kwa nafasi katika mitihani ya kitaifa, na mwaka 2023 mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi ulifanywa kwa mara ya mwisho. Kadi ya ripoti ya mtaala wa umilisi sasa husema kama mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake. Kwa karatasi, nafasi ya kwanza imekufa. Sisi wazazi ndio tuliokataa kuizika: kadi zinapotoka, kundi la simu la wazazi wa darasa hujaa picha za waliozidi matarajio kabla ya jua kutua, na shule ikiona hivyo huongeza nyota.

Kuhusu kuchora, hofu yako ina msingi. Kuna jaribio maarufu lililochapishwa mwaka 1973, lililofanywa katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wanasaikolojia watatu, Lepper, Greene na Nisbett. Walichagua watoto waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi bila kuambiwa na mtu. Baadhi yao waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe iwapo wangechora. Wengine walichora bila ahadi kisha wakashtukizwa na cheti hichohicho. Wengine hawakupewa chochote. Baada ya wiki moja au mbili kalamu ziliwekwa tena darasani, bila zawadi. Wale walioahidiwa sasa walichora kwa takriban nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Walioshtukizwa hawakudhurika. Sipendi watoto wa California watumiwe kama sheria kwa watoto wa Buruburu, lakini swali la binti yako, "kuna zawadi?", ni lilelile ambalo watoto wale waliliuliza kwa miguu yao walipoziacha kalamu mezani. Nyota inayotangazwa mapema humgeuza mchoraji kuwa kibarua, na kibarua hafanyi kazi siku isiyo na malipo. Hamsini za dada yako, ambaye najua anamtakia mtoto mema, zingefanya hivyo hivyo na kusoma, ambako ndiko binti anakopanda kwa sasa.

Badala yake tumia simu yako. Jioni moja ya wiki hii mrekodi akisoma ukurasa mmoja, uhifadhi. Mrekodi tena siku ya kufunga shule, ukurasa uleule, kisha keti naye msikilize zote mbili, ya zamani kwanza. Usiseme "wewe ni hodari." Sema unachokisikia: hapa ulikwama mara tatu, sasa umepita; neno hili ulilitamka vibaya, sasa umelitamka sawasawa; hili bado. Mtoto anayeambiwa kwamba ana akili huanza kuilinda sifa hiyo kwa kukwepa mambo magumu, lakini anayeonyeshwa alichokifanya hujua la kufanya kesho. Na usiliruke lile la "hili bado", kwani watoto hunusa upesi sifa isiyo na ukweli.

Siku ya vyeti nenda naye kama kawaida, na muwapigie makofi walioitwa. Akilia, mwache alie. Karatasi za kuchorea zirudishe mezani bila kumwita na bila kumsifu, uone itachukua siku ngapi. Ukiweza, keti wewe mwenyewe uchore. Ukichora vibaya ni bora zaidi.

SWALI

Mwalimu, mimi ni mwanagenzi wa ufundi wa magari huko Kirinyaga Road kwa mwaka wa tatu sasa. Mwenye gereji hunisifu mbele ya wateja kwamba mimi ni kijana wa bidii, na injini ndogo hunikabidhi nifungue na kufunga peke yangu. Malipo hayajabadilika tangu nilipoanza kwa kuosha spea na petroli. Nikiligusia hilo wenzangu huniambia niwe mvumilivu, kwamba elimu ninayoipata ndiyo malipo. Je, kutaka zaidi ni majivuno?

Fundi Mdogo

JIBU

Mwanangu, si majivuno hata kidogo, na nimeiweka barua yako hapa makusudi ili mtu asije akayatumia niliyoyasema hapo juu kukunyima haki yako. Kutambuliwa na kulipwa ni mambo mawili. Mtunzi wa Umoja hadaiwi kodi na mashairi yake. Wewe unafungua injini ambayo mteja ameilipia, na sehemu ya fedha hizo imetokana na mikono yako. Sifa za mbele ya wateja zinamsaidia mwenye gereji kuuza kazi yako kwa bei nzuri. Hazinunui unga.

Ni kweli kwamba mwaka wa kwanza elimu ilikuwa sehemu ya malipo, kwa kuwa ulikuwa ukiharibu pamoja na kujifunza, na mwenye gereji ndiye aliyebeba hasara. Mwaka wa tatu, ikiwa unafunga injini na hairudi, hesabu imegeuka. Ila usiende kwake na malalamiko. Nenda na daftari. Kwa mwezi mmoja andika kila gari uliloligusa: tatizo, ulichofanya, saa ulizotumia, na kama lilirudi. Daftari hilo litakufaa kwa njia mbili, kwani wewe utaona ni kazi zipi bado zinakushinda, na yeye ataona anachokilipia.

Kisha ujiandikishe kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambao wengi wenu mnaujua kwa jina la NITA. Una madaraja matatu, na huanzwa na la tatu kupanda hadi la kwanza. Hautakufanya fundi bora kuliko ulivyo leo, kwa maana ustadi wako uko mikononi, lakini gereji nyingine isiyokujua haiwezi kuiona mikono yako kabla ya kukuajiri, ila cheti inaweza kukiona. Uliza kwanza tarehe za usajili na ada yake, ndipo uzungumze na mwenye gereji, asubuhi kabla wateja hawajafika, ukiwa na daftari na tarehe hiyo mkononi.